Paka Watano na Kibanda cha Wavu

Nilikuwa na paka watano. Sasa ninaye mmoja, na nitasema nani alifanya nini, kwa sababu nimechoka kuambiwa nimwachie Mungu.

Watatu wa kwanza aliwaua jirani yangu, mwanamke mwenye kuku wa mayai, ukuta kwa ukuta na mimi hapa nyuma ya Ukunda. Jina lake siliandiki. Mtaa mzima unamjua, na yeye akisomewa haya atajijua.

Mimi ni mama karanga, ndivyo tunavyoitwa wakaanga samaki. Asubuhi nakwenda ufuoni kuchukua samaki kwa wavuvi, narudi, nawaparua, nawakaanga, na jioni nawauza mbele ya mlango wangu. Penye samaki hapakosi paka. Walikuja wenyewe mmoja mmoja, nikawazoea. Shule niliishia darasa la nne, watoto sikujaaliwa, na mume niliyemkimbia huko Jego aliniachia kovu la panga begani. Siku ile ya panga nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mavyaa wangu alikuwa chumba cha pili, anasikia. Majirani walikuwa barazani, wanasikia. Hakuna aliyefungua mlango. Tangu siku hiyo mtu akiniambia jirani ni ndugu, mimi huendelea kuparua samaki wangu.

Paka wa kwanza nilimkuta nyuma ya pipa la maji, povu mdomoni, miguu imekakamaa. Nikasema labda ni nyoka. Wa pili alifuata baada ya juma moja, vilevile. Wa tatu nilimkuta angali ana pumzi, na karibu yake palikuwa na kichwa cha tafi aliyekaangwa. Ndani ya shavu la kile kichwa palikuwa na punje za zambarau, kama dawa wanayomwaga watu shambani kuua wadudu.

Nikakigeuza kile kichwa kwa kijiti. Nyuma ya shavu kilikuwa na mikato mitatu iliyolala, na bizari ya manjano imeingia mpaka mfupani. Mikato ile ni yangu. Kila mama karanga ana mkono wake, kama fundi cherehani alivyo na mshono wake. Na tafi jana yake nilikuwa nao wawili tu, waliobaki kwenye karai wote walikuwa vibua. Wote wawili aliwanunua mtu mmoja.

Nilimwita hapohapo juu ya ukuta.

"Jirani, wale tafi wa jana umewamaliza?"

"Alhamdulillahi, watamu. Mkono wako haukosei. Vichwa nimewatupia kunguru."

"Na kunguru hawajambo?"

Akacheka. "Kunguru wangu wana adabu, jirani. Hawaingii bandani kula vifaranga vya watu."

Hakukana. Ndicho kilichonitia baridi mwilini. Mtu akikana, ujue bado anakuogopa kidogo.

Nilikwenda kwa mzee wa mtaa na kile kichwa nimekifunga kwenye karatasi ya nailoni. Hata kukifungua hakutaka. "Mamangu, paka hana mwenyewe," akaniambia. "Ukifiwa na mbuzi, njoo tuzungumze." Basi na yeye namwandika hapa.

Walikuwa wamebaki wawili. Dume wa kijivu, mzito, aliyependa kujisugua kwa kila kitu mpaka miguu ya meza, na jike mmoja wa madoadoa, mwoga, asiyeguswa ila na mimi. Nikajua ni siku tu zinahesabiwa. Nikiwa msituni kuokota kuni, nikiwa ufuoni, masikio yangu yako nyumbani. Kila nikirudi naanza kuwaita kabla sijatua karai.

Zamani niliwahi kufua nguo kwa mzungu mmoja Diani. Paka wake hawakutoka nje ovyo. Alikuwa amewajengea kibanda cha wavu ubavuni mwa nyumba, wanapata jua na upepo, wala hakuna wa kuwagusa. Wakati ule tulimcheka, mimi na mpishi. Tukasema wazungu hufunga paka na kuwaacha wezi. Sasa nikatafuta fundi wa kunijengea kama kile.

Fundi alikuwa mtu wa Mkongani, mtu mzima, mwenye maneno mengi. Nilimwambia ninachotaka akaniangalia.

"Mama, hii ni jela ya paka."

"Ni jela ya walio nje. Wewe jenga."

Nilitaka tutumie nyavu kuukuu za wavuvi, maana za bure. Hapo alinipa neno la maana: wavu ule una harufu ya samaki, paka atautafuna na kumeza uzi. Tukachukua wavu wa kuku wenye matundu madogo. Tuliuzika shibiri mbili ardhini ili nguchiro wasichimbe, tukaurudisha juu mpaka darini kwa ajili ya tumbili. Nusu ya dari mabati, wapate kivuli. Upande wa ukuta wa jirani niliziba wote kwa mabati, kutoka chini hadi juu, hata kichwa cha dagaa kisipite. Milango nikaweka miwili, mmoja nyuma ya mwingine, ukifungua wa kwanza unaufunga kabla ya kufungua wa pili. Kufuli mbili. Funguo nilizifunga kwenye pindo la kanga.

Nguzo zilikuwa boriti za mikoko, nane. Siku ya kwanza kabisa fundi alikuja na kidumu cha oili chafu kutoka gereji.

"Bila hii, mama, mchwa wanakumalizia kabla ya Ramadhani."

Sikuuliza kitu. Huku kwetu kila nyumba ya miti imepakwa oili chafu. Baba yangu alipaka, na babu yake fundi bila shaka alipaka. Alizipaka mpaka zikawa nyeusi tititi, na zile alizoziweka katikati ili paka wapate kupanda, akazipaka mara mbili.

Paka waliingia siku ya Ijumaa. Jike alijificha kwenye kona. Dume alizunguka akijisugua kwa kila nguzo, moja baada ya nyingine, kama anayepokea nyumba. Nilikaa nje ya wavu nikawatazama, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu nikala chakula nikasikia ladha yake.

Jumapili jirani alibisha hodi. Ameshika sahani, imefunikwa kawa.

"Nimeona umewafungia, maskini. Nimewaletea vichwa."

Sahani ya jirani haikataliwi, kila mtu anajua, na hairudi tupu. Niliipokea. Nikaenda nyuma ya choo nikachimba shimo, nikavifukia vile vichwa vyote, nikaweka jiwe juu. Kisha nikaiosha sahani na kumrudishia tupu, kavu, na kawa lake. Aliipokea kwa mikono miwili akaitazama ndani.

"Ahsante, jirani," akasema taratibu. "Nimeelewa."

Jumanne asubuhi dume hakuja mlangoni. Alikuwa amelala ubavu, mate yanamchuruzika, ametapika kitu cheusi. Anahema kwa tumbo. Nikazikagua kufuli, nzima. Nikaufuata wavu kwa vidole, shibiri kwa shibiri, pande zote. Nikapanda ngazi kuangalia dari. Hapakuwa na tundu wala kipande cha samaki. Jirani alikuwa upande wa pili anafagia, nasikia ufagio wake unakwenda na kusimama. Nilihisi amepata njia ambayo mimi siioni, na hofu ile nilikuwa sijaionja tangu Jego.

Nilimtia paka kwenye kikapu nikapanda boda hadi kwa muuza dawa za mifugo mjini, bwana mmoja mwenye miwani. Nikamwambia amelishwa sumu na namjua aliyemlisha. Alimshika, akapitisha kidole kwenye manyoya ya ubavu, akakinusa.

"Mama, huyu paka analala gereji?"

Sikumwelewa. Akanionyesha kidole, cheusi. Nikaangalia kanga yangu pale nilipomkumbatia, nyeusi. Alinieleza polepole kama unavyomweleza mtoto: paka hujilamba, kinachoshika manyoya kinaingia tumboni. Manyoya ya shingo, ubavu, mkia, yote yalikuwa yamelowa oili. Siku nne alikuwa akijisugua na kujilamba, na mimi nakaa nje nikimtazama na kufurahi.

Akampangusa kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni na maji ya vuguvugu. Dume alikufa mapajani mwangu kabla sabuni haijaisha.

Fundi nimemwandika, lakini fundi alipaka nguzo za watu wote. Aliyewafunga paka na nguzo zile ni mimi, na funguo zilikuwa kwangu.

Nilirudi nikamtoa jike, nikampangusa vile nilivyoonyeshwa. Yeye kwa uoga wake hakuwa amezisogelea nguzo, oili ilikuwa miguuni tu. Nikamfungia chumbani, nikachukua panga nikaanza kuzichuna boriti, moja moja, mpaka mti mweupe, na zile za katikati nikazing'oa. Zilizobaki nikazivika magunia. Hata mchwa wakija, na waje.

Nilikuwa kwenye nguzo ya sita sauti iliponijia kutoka juu ya ukuta.

"Nasikia na yule mkubwa amekwenda. Pole. Na huyu naye nani amemuua, jirani?"

Nilimtazama. Alikuwa ameegemea mikono, amejitanda vizuri, kama mtu aliyekuja kwenye matanga.

"Huyu ni mimi," nikamwambia. "Wale watatu ni wewe."

Alishuka, nikasikia akiwaita kuku wake kwa upole, tii, tii, tii, na mahindi yakimwagika chini. Jike alikuwa dirishani kwangu, masikio ameyageuza ule upande wa ukuta. Nikaingia nikafunga dirisha, ingawa joto lilikuwa kali, kisha nikarudi kwenye nguzo ya saba.