Shoka la Baba na Grenda ya Kilindoni

Hifadhi ya bahari ilipopiga marufuku juya, wavu wa kukokota, baba yangu aliacha kuvua, akashika shoka. Huku kwetu kisiwani Juani watu walimwita awaangushie minazi iliyozeeka na kuwapasulia magogo. Alikwishapita miaka sitini. Haikuwa kazi ya umri wake, ila sikumsikia akilalamika.

Kila alfajiri alichuchumaa uani na kinoo chake, jiwe jeusi lililobonyea katikati. Alilimwagia maji, akalisugua shoka polepole kwa kulizungusha, upande huu kisha ule, halafu akayajaribu makali kwenye ukucha wa kidole gumba. Bado. Akaanza tena. Nilikuwa nikitoka kwenda kwenye shamba langu la mwani namwona mabega yanamtetemeka, roho inaniuma.

Ijumaa moja, siku ambayo hakuwa akifanya kazi, nilivuka kwenda mjini Kilindoni kununua kamba za mwani. Shoka nikaliviringisha kwenye kanga, nikaondoka nalo bila kumwambia. Fundi wa kuchomelea vyuma alilitazama akacheka.

"Hili dakika mbili tu, dada."

Akawasha grenda. Cheche ziliruka mpaka nikarudi nyuma. Aliponipa, makali yaling'aa kama kioo, na pembezoni mwake palikuwa na utepe wa bluu. Nikaona umependeza.

"Baba, tazama! Sasa hutahangaika tena na jiwe."

Alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza kwenye mwanga. Alipitisha kidole gumba juu ya ule utepe.

"Ahsante, mwanangu. Mwenyezi Mungu akulipe kheri."

Kesho yake alikwenda nalo kazini. Waliokuwa naye walisimulia kwamba asubuhi lilikata vizuri, lakini kabla ya adhuhuri makali yalikuwa yameshajikunja. Akaendelea hivyo hivyo, akiongeza nguvu. Shoka likateleza juu ya gogo, likamwingia mguuni, kwenye muundi.

Niliitwa kutoka pwani. Nilimkuta chini, kitambaa kimelowa, na mfupa unaonekana, mweupe. Bahari ilikuwa imekupwa, mashua zimelala kwenye tope. Wanaume wanne wakambeba juu ya kitanda cha kamba mpaka penye maji, kwenye mashua moja iliyokuwa bado inaelea, tope likiwafika magotini. Njia nzima baba alitoa shahada kwa sauti ndogo.

Hospitalini kidonda kilioza. Daktari, kijana wa bara, alimwamkia mama shikamoo kwanza, ndipo akamweleza kwamba mguu utakatwa chini ya goti.

"Tukichelewa tutampoteza, mama."

Siku ya tatu baada ya kukatwa nikashindwa kustahimili.

"Baba, ni mimi niliyekuponza. Lile shoka..."

"Najua. Niliiona ile bluu. Chuma kikishika rangi ile, moto umeshakiua. Makali hayakai."

"Sasa mbona ulikwenda nalo?"

Aligeuza uso ukutani.

"Ulikuwa umefurahi sana."

Mama alikuwa kando ya kitanda anamenya chungwa. Aliliacha nusu, akatoka nje. Hakunisemesha mpaka mwezi mtukufu ulipoandama, na hata hapo alinisemesha kwa sababu ya futari tu.

Baba aliishi miaka miwili zaidi. Jioni alishuka pwani kwa magongo, akaketi na wenzake. Nilikuwa nikimwona kwa mbali, napita njia ya nyuma ya nyumba nisikutane na macho yake.