Kitabu cha Kumtoa Mama Kabambare

Kitabu chenyewe ni cha binti yangu, kimeandikiwa vijana wa rika lake. Mimi nina mvi. Ni habari ya nchi iliyokaukiwa maji, watu wenye bunduki wakilinda visima. Msichana mmoja anakimbia na kidumu chake, akimwacha bibi yake nyuma ya mlango uliofungwa. Nilikisoma Kasongo, ninakofundisha, wakati wanafunzi wangu wakisubiri mitihani niliyopaswa kusahihisha, nikakimaliza, nikaanza tena. Nilipenda hasa kwamba msichana huyo hangoji. Akisikia mbwa wamenyamaza, anaondoka.

Mama yangu, yeye, hungoja. Yuko Kabambare, na watu wa upande wa Wamaza walikuwa wameanza kupita mbele ya nyumba yake na magodoro kichwani, wakikimbia wenye bunduki. Kila niliyempigia simu alinijibu, "Kuko kimya, lakini kimya mubaya." Nikapanda pikipiki, kitabu ndani ya koti, nikiamini riwaya itaweza kumwondoa pale simu zangu ziliposhindwa.

Jioni, tulipokwisha kula sombe ya majani ya muhogo, nilimsomea, nikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili papo hapo. Nilipunguza mapenzi, nikaongeza bunduki. Mama alikuwa akibangua karanga.

"Huyu mutoto iko na akili," alisema. Nikafurahi. "Lakini bibi yake, nani anamuchotea maji?"

"Mama, habari si ya bibi."

"Kwako."

Usingizi ulimchukua kabla ya mwisho. Asubuhi mwenye pikipiki aliyenileta aliwasha injini. Mama hakuwa amefunga hata kitenge kimoja.

"Ule mutoto," aliniuliza, "alirudilia bibi yake?"

Nikafungua kitabu. Akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Na jua hivi? Unataka kunizika?"

Kwetu, hadithi ikisimuliwa mchana, mama wa msimuliaji hufa. Imani hiyo nimeifundisha chuoni, kwa tabasamu la mtu aliyekwisha kuivuka. Kitabu nilikifunga haraka.

Kisha nikajiona mjanja. "Basi panda, Mama. Jioni tutakuwa Kasongo, nitakumalizia."

"Ao ulale hapa. Jioni iko hapa pia."

Mwenye pikipiki akacheka. "Profesa, mama amekushinda! Mimi naenda, mvua inakuja."

"Nenda," nikasema, na mimi mwenyewe nikashangaa.

Mwisho nilikuwa naujua: msichana anarudi. Nilitaka kumwona mama akiusikia. Yaani kitabu nilichobeba kumfundisha kukimbia kinaishia kwa mtu anayerudi. Hilo, pamoja na usomi wangu wote, sikuwa nimelipima.

Mlio wa pikipiki ukapotelea mlimani. Nikakaa, nikasimama, nikaenda hadi barabarani, nikarudi. Mama akanisukumia kidumu kwa mguu.

"Kama hauwezi kukaa, enda kisimani."

Nikaenda, masikio yangu yote yakiwa kwa mbwa wa majirani. Walikuwa bado wanabweka.