Tanzia ya Diski Iliyokuwa Hai

Walikuja kumpa pole mwalimu wangu kwa kifo cha kompyuta, na kompyuta haikuwa imekufa. Nilikuta viatu vimejaa mlangoni, kahawa chungu inazunguka, na kakake mkubwa anamwambia, "Ndiyo kadari, dada. La kuondoka huondoka." Kompyuta yenyewe ilikuwa inawaka mezani, herufi mbili nyeupe kwenye kioo cheusi, L na I, basi. Kando yake amesimama fundi wa duka lililoiuza, tai shingoni, bisibisi mkononi.

Mwalimu ndiye aliyenifundisha kusoma. Alipostaafu alirudi nyumba yao ya Mji wa Kale, ghorofani, katika vichochoro vya nyuma ya Ngome ya Yesu, akaanza kukusanya maneno ya wanawake wa kisiwani: ya jikoni, ya harusini, ya chumba cha mzazi. Aliwaendea makungwi na wapishi wa zamani vitandani mwao, akaandika walivyotamka. Walikuwa wakongwe. Kila Ramadhani ilipoingia, kulikuwa na mmoja ambaye ukiuliza habari zake unaambiwa Mungu amrehemu.

Kila karatasi aliianza kwa Bismillahi, kama alivyofunzwa chuoni. Karatasi yenye jina la Mungu haitupwi jaani. Kwa hivyo kila alipomaliza kuipiga chapa kwenye ile kompyuta aliyopewa na kakake, aliichoma kwa adabu kwenye sufuria kuukuu huko darini, na majivu akayamwaga baharini. Kufikia mwaka wa tisini na tisa, maneno yale hayakuwapo popote duniani ila ndani ya diski moja. Disketi alizohifadhia nakala zilikuwa zimeota ukungu, kama vitu vyote huota huku kwetu.

Aliniita kwa sababu virusi vilikuwa vinaizimisha kompyuta katikati ya sentensi. Mimi nilikuwa karani wa kampuni ya malori Shimanzi, na kazi yangu ya mapenzi ilikuwa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao hutolewa bure. CD yake niliipata Makupa, imebandikwa ndani ya jarida la kigeni lililouzwa pamoja na mitumba. Ilikuwa na sifa moja niliyoipenda: unaitia, unawasha, na mfumo mzima unafanya kazi kutoka kwenye CD yenyewe, diski haiguswi.

"Yaani ni mgeni anayekuja na mkeka wake," akasema Mwalimu.

"Na chakula chake pia, Mwalimu."

"Huyo ndiye mgeni. Si kama shemeji zangu."

Aliijaribu, akaona haizimiki, akataka ikae moja kwa moja. Nikaiweka katika sehemu ya diski iliyokuwa tupu, kando ya mfumo wa zamani. Sehemu yenye maneno yake sikuigusa. Ikabaki ile programu ndogo ya kuwashia, ambayo kazi yake ni kuuliza unataka kuingia mfumo upi. Nayo ikakwama. Huandika jina lake herufi kwa herufi kadiri inavyoendelea kuamka, na hii iliishia herufi ya pili, kwa sababu yenyewe na kompyuta zilikuwa zinaihesabu diski kwa njia mbili tofauti. Dawa yake niliijua: kuwasha kwa CD, kuongeza neno moja katika maagizo yake, kuiamuru ijiandike upya. Lakini ilikuwa Ijumaa, saa ya mapumziko imekwisha, na malori hayangojei. Nikamwambia Mwalimu isiguswe mpaka nirudi jioni. Akaitika.

Kakake alipita baada ya swala, akaona zile herufi mbili, akamwita fundi. Fundi akatangaza msiba.

"Diski imekwenda," aliniambia nilipoingia. "Hii ni ile shida ya mwaka elfu mbili. Imewahi tu."

"Umeifungua ukaona?"

"Bwana, mimi nauza mashine hizi. Naijua maiti nikiiona."

Nilitia CD, nikawasha, nikafungua sehemu ya zamani ya diski. Faili zake zikajipanga kwenye kioo. Nikafungua moja: *kikuba*, kifungu cha asumini na rehani, na chini yake maelezo ya jinsi kinavyofungwa, na nani hukivaa, na siku gani. Mwalimu alivaa miwani, akasogea.

"Hiyo inasoma CD," akasema fundi. "Ni vitu vya kwenye CD hivyo."

"CD hii imetoka Ulaya, ndugu yangu. Huko nako wanafunga vikuba?"

Wageni wakacheka. Nikaona uso wa kakake, nikajua kicheko kile kimeniponza.

"Kijana," akasema, "wewe ndiye uliyeiharibu, na sasa unaleta mzaha. Mashine ina dhamana. Ikichezewa tena dhamana hakuna. Itakwenda Nairobi, itengenezwe na wenyewe."

"Ami, nipe nafasi nikatafute disketi nzima, moja tu. Nitoe nakala, kisha muichukue."

"Nimekwisha kusema."

Tuliyazungumza hayo juu ya kichwa cha Mwalimu, na yeye ameketi baina yetu, kidole kiko kwenye kioo, anafuata mstari. Sebule yake, kahawa yake, miaka yake. Hakuna aliyemuuliza, bibi, unataka nini? Akasema mwenyewe, bila kugeuka: "Niateni nisome."

Fundi akazima swichi ukutani.

Mimi naamini kadari. Siamini kwamba kadari hutembea na bisibisi. Watu wale wale ambao wasingemruhusu mtu kuzika kabla ya maiti kutazamwa, kuoshwa na kukafiniwa, waliikubali tanzia ya kazi nzima ya dada yao kwa sababu aliyeileta alikuwa amevaa tai. Wakambeba marehemu wao ngazi hadi ngazi, huku wakihimizana, "Taratibu, taratibu."

Kompyuta ilirudi safi, nyepesi, ina mchezo wa karata. Maneno hayakuwamo. Nilimfuata fundi dukani. Akasema diski ilifutwa ili ipone. Nikaenda tena nikiwa na Mwalimu. Akasema, kwa upole mwingi na salamu ndefu, kwamba haikufutwa, ilikuwa mbovu kabisa ikatupwa.

Mwalimu ameanza upya na makungwi wawili waliobaki. Mmoja hasikii tena vizuri. Mwingine huchanganya harusi yake na ya bintiye.

Nami niliitia CD yangu katika ile kompyuta, na mfumo ulipokuwa unaamka ukaandika, kama kawaida yake, aina ya diski uliyoikuta. Si ile ya mwanzo. Basi haikufutwa ikarudishwa. Ilitolewa, na mbovu haikuwa, maana tuliisoma. Duka halijasema imepewa nani, na kakake Mwalimu anasema si adabu kuuliza mara ya tatu.