Folda ya Mama

Mdogo wangu ni kitinda mimba. Kama vitinda mimba wengi alilelewa kwa kubembelezwa, halafu akakua akawa mtu asiyejua kuomba msaada. Anaandika programu za kompyuta. Anafanyia kazi chumba cha nyuma, kilichokuwa cha mama, na mimi niko cha mbele na cherehani yangu. Kati yetu kuna pazia tu. Mambo yake nayajua hata asiponiambia, na yangu anayajua kwa sababu mimi kunong'ona sijajifunza.

Kazi iliyomkalisha kitini kuliko zote ilikuwa ya zahanati. Walitaka kila mwanamke mwenye mtoto mchanga apigiwe simu siku moja kabla ya kliniki, sauti imkumbushe. Wakati wa kujaribu alihitaji sauti, ya mtu yeyote, na mama alikuwa pale kitandani anakunja nguo. Akamwekea kipaza sauti mbele, akampa karatasi: Kesho ni siku ya kliniki. Tafadhali mlete mtoto.

Mama hakuwahi kusema kitu kama alivyoambiwa.

"Kesho ni kliniki," akasema. "Mlete mtoto, na umvalishe kofia, asubuhi kuna baridi. Na wewe ule kabla ya kutoka, usije ukawaangukia watu kwenye foleni."

"Mama, soma nilichoandika."

"Umeandika kama karani wa benki. Nani ataamka kwa maneno hayo?"

Zikapatikana rekodi nyingi, katika nyingine anagombeza, katika nyingine anacheka mwenyewe kabla hajamaliza. Nesi mkuu alipozisikia alisema zahanati inataka ukumbusho, haitaki mama mkwe.

"Basi watafute mtu asiyezaa," mama akasema, na akaendelea na nguo zake.

Wakamlipa mtangazaji mmoja mwenye sauti iliyopigwa pasi. Za mama zikabaki kwenye folda yake, humohumo ndani ya mradi.

Mama alitutoka mwaka uliofuata, kwa ugonjwa ambao hata haukutupa nafasi ya kuuzoea. Baada ya hapo, kila jioni mdogo wangu alipomaliza kazi alifungua ile folda akasikiliza rekodi moja. Moja tu, kama mtu anayebania sukari. Nilimwambia anajikwaruza kidonda. Nilimwambia hivyo nikiwa nimeshasogeza kiti karibu na pazia.

Hapa lazima nieleze, maana na mimi ilibidi nielezwe, tena zaidi ya mara moja. Mradi wao una kitu kinachotunza historia. Faili ukiliandikisha humo, mradi unalijua na kila anayefanya kazi hiyo analipata. Usipoliandikisha, limo ndani ya folda kama mgeni aliyelala sebuleni: yupo, anaonekana, lakini hesabu ya watu wa nyumba haimhusu. Folda ya mama haikuandikishwa.

"Mama si mali ya zahanati," mdogo wangu aliniambia. Na kuzihamishia rekodi kwingine hakutaka. Alisema ingekuwa kama kutoa nguo zake kabatini.

Sasa, kuna amri ya kusafisha. Inafagia kila kisichoandikishwa, yale mabaki yote ya majaribio. Mtu makini huiuliza kwanza, nayo inamtajia ingeondoa nini kabla haijagusa kitu. Mdogo wangu alipouliza mara ya kwanza, katikati ya takataka ikatokea folda ya mama. Aliinuka akaja kwangu, akasimama tu, akaniomba maji ilhali mtungi uko kwake. Kisha akarudi, akaiweka folda ile kwenye orodha ya vitu ambavyo mradi unavipuuza. Toka hapo amri ya kusafisha ikawa inaipita. Akatulia, na utulivu huo ndio uliomponza.

Siku ya balaa simu za zahanati zilianza kupiga zikiwa bubu. Wanawake wanapokea, kimya, wanatukana, wanakata. Nesi mkuu alipiga mpaka mimi nikaifahamu namba yake. Kwenye simu nyingine alikuwepo mwenzake mdogo wangu wa kazi, tunayemwita Miwani, kijana mpole ambaye asipoivaa anasalimia milango.

"Kuna mabaki ya zamani yanakuchanganya," Miwani akasema. "Safisha yote, hata yanayopuuzwa, uijenge programu upya."

Hiyo inahitaji herufi moja tu ya ziada kwenye ile amri. Mdogo wangu akaiandika. Hakuuliza kwanza, kwa sababu kwa muda mrefu kila alipouliza alitajiwa takataka tupu, na mtu akizoea jibu haulizi tena. Programu ikapona. Nikamsikia anacheka, anamwambia nesi, "Jaribu sasa."

Jioni akaniita.

"Dada."

"Nina nguo ya mtu hapa."

"Dada, njoo."

Ilikuwa ile sauti yake ya utotoni, ya kuvunja kikombe. Nikaenda. Kwenye kioo cha kompyuta, pale ilipokuwa folda ya mama, sikuona kitu, na ndicho alichokuwa ananionyesha.

"Si kuna pipa la takataka humo ndani?"

"Amri hii haipitishi kitu kwenye pipa."

"Na hiyo historia yenu inayotunza kila kitu?"

"Inatunza nilichoiambia itunze."

Miwani alikuja kesho yake na vifaa vyake. Alianza na pole mlangoni, nyingine kwenye pazia, nyingine kabla ya kukaa. "Kaa ufanye kazi," nikamwambia, "pole hazifungui kompyuta." Akahangaika mpaka shati likamgandia mgongoni. Hakupata hata mkwaruzo wa sauti. Mdogo wangu alikuwa amejikunja kitandani kwa mama, anatazama ukuta.

Halafu Miwani akageuka. "Siku ile ya mwanzo kabisa, hukuandikisha hata rekodi moja?"

"Moja, kwa bahati mbaya. Ukanigombeza, nikaitoa."

"Ukaitoa ikiwa imeshaandikishwa?"

Mdogo wangu akainuka kitandani. Kumbe faili likishaandikishwa, hata ukilitoa, linabaki kwenye historia ya siku ile, na ukirudi nyuma unalikuta limekaa. Wakarudi nyuma, mwezi kwa mwezi, mimi nimesimama na sindano bado iko mdomoni, hadi ile siku ya mwanzo. Lilikuwepo. Akabonyeza.

Tulisikia nguo zinasugua, kitanda kinalia, kisha mama: "Imeanza? Hiki chekundu kinachowaka ndicho chenyewe? Nisemee wapi sasa?" Na sauti ya mdogo wangu kutoka mbali, ya mtu mwenye haraka: "Subiri, mama, bado."

Ikakatika.

"Ndiyo hiyo tu?" nikauliza.

"Ndiyo hiyo tu."

Hakuna kofia, hakuna foleni, hakuna kicheko. Miwani alisema anatoka kupiga simu, akaiacha simu mezani.

"Nilimwambia asubiri," mdogo wangu akasema.

Nilitafuta kitu cha ukali cha kumjibu, alie amalize. Ndiyo dawa ninayoijua, na kwake haijawahi kushindwa. Sikukipata. Nikavuta kiti, nikakaa bega kwa bega naye, nikamwambia airudie na aongeze sauti, maana pale mwanzoni, kabla mama hajauliza, kuna mahali anavuta pumzi, na mimi nilitaka kuisikia vizuri.