Neno Lililofungua Stoo ya Susu

Mahindi yakimwagwa kwenye karai la bati hulia kama mvua iliyokuja ghafla. Mlio huo bado ninao masikioni. Susu, nyanya yangu wa Masii, alikuwa akimwaga yake mlangoni pa stoo, nami nimesimama mbele yake na simu mkononi.

Nilitaka kona moja tu ya stoo hiyo. Nilikuwa nauza mitumba, magauni mazuri ajabu, lakini siku za soko niliyaanika kando ya barabara mpaka vumbi likayafanya yote rangi moja. Susu alikuwa amekataa. Kwetu stoo ya chakula ni ya mama mwenye boma, na akishasema amesema.

Sasa, mimi hujifunza Kihispania kwa simu kwa sababu ya zile tamthilia za mapenzi. Jana yake nilikuwa nimekutana na neno bodega, yaani ghala, nikalifuata hadi lilikotoka. Sikuamini macho yangu.

"Susu, Wahispania stoo wanaita bodega. Ilitoka kwa Wagiriki, apotheke, mahali pa kuweka vitu kando. Neno hilohilo likapitia Ufaransa likaingia Kiingereza, likawa boutique, hiyo wanaandika kwa maduka ya nguo pale Machakos mjini. Lingine likawa apothecary, muuza dawa wa zamani. Wote ni ukoo mmoja."

"Kwa hivyo stoo ilizaa duka la nguo."

"Ndiyo, Susu."

"Na huko Ugiriki, ufunguo alikuwa anaweka nani?"

Nikaitazama simu. Hilo la ufunguo haikuwa imesema.

"Umeenda mbali hivyo na hukuuliza ya mlango," akasema, kisha kicheko kikamshinda. Mimi nikacheka zaidi, kichwa chepesi kama nimepanda bembea, na bado sijajibiwa.

"Haya mwiitu, msichana wangu, chukua upande wa dirisha. Panya akikula gauni, usiniletee mambo ya Wagiriki. Na ufunguo ni wangu." Akajipigapiga kiunoni, pale anapoufunga kwa leso.

Akaacha mlango wazi, akaenda kuteka maji. Nikaingia peke yangu. Nikapigilia msumari ukutani kwa jiwe, nikatundika gauni la njano, nikalinyoosha pindo kwa kiganja.