Nyigu wa Mti wa Tano

Mwaka 2001, katika kijiji kimoja kilicho mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mangina, watu walikuwa wakisema kwamba Emérence Kahongya anafuga nyigu. Hakuwafuga. Aliwachukia kuliko mtu yeyote pale, na alikuwa na sababu: katika miaka kumi na minne ya kuchuma kahawa walikuwa wamemuuma kwenye kope, kwenye ulimi, na mara moja chini ya titi, akiwa ananyonyesha.

Alizaliwa Musienene, kwenye baridi na viazi. Lusenge alipomuoa na kumteremsha kwenye joto la kahawa, wiki ya kwanza tu alishika tawi lenye kiota, akapiga kelele, akaanza kuwatandika nyigu makofi. Mama mkwe wake hakumkimbilia. Alisimama mbali.

"Lala chini! Hapana kupiga! Ukiponda moja, unaita bote!"

Akalala. Tangu siku hiyo alijua la kufanya: usipige, usikimbie, funika uso, pumua kidogo kidogo, ngoja.

Lusenge alikufa kwa homa mwaka 1998, siku barabara ya kwenda hospitali ilipofungwa na vita. Alimwachia mkewe watoto watatu na shamba linalopakana na la mdogo wake, Edmond. Kati ya mashamba hayo mawili baba wa ndugu hao wawili alikuwa amepanda miti mitano ya mpaka, ile yenye majani marefu kama panga, ambayo hata ukiing'oa na kuichomeka kwingine inaota. Ndiyo sababu watu huipanda mpakani. Ndiyo sababu pia inahamishika.

Edmond alihamisha wa kwanza msimu wa mvua uliofuata mazishi. Wa pili aliuhamisha baada ya Pasaka. Kila mmoja aliuingiza hatua sita ndani ya shamba la mjane, yaani mistari miwili ya kahawa. Wa nne ulipohama, Emérence alimfuata nyumbani kwake.

"Shemeki, miti iko natembea?"

Edmond alikuwa akinoa panga. Hakuinua kichwa. "Uliona wapi muti iko na miguu? Ni macho yako, mama. Lia kidogo, itatakata."

Mti wa tano, ulioko karibu na kijito, hakuugusa. Kwenye shina lake palikuwa na kiota cha nyigu, rangi ya majivu, kikubwa kama kichwa cha mbuzi. Alijaribu mara moja, akarudi na sikio limevimba kama uyoga. Basi miti minne ikasimama kwenye mstari mpya, na wa tano ukabaki peke yake mahali pa zamani, hata mtu yeyote aliyepita aliona mpaka umepinda kama kiwiko. Kwa hiyo Emérence hakukichoma kile kiota. Watoto wa jirani yake Jéthro waliumwa. Mbuzi aliumwa akafa. Wanawake wa kanisani walimsihi apeleke moto, akakataa.

"Mwanamuke wa kulinda banyigu!" Nadège, mke wa Edmond, alimwambia mbele ya watu kijitoni. "Mubaki nabo ndani ya kitanda, maana bwana hakuna tena."

"Heri banyigu," Emérence alijibu, akijitwisha ndoo. "Habaibake shamba ya mujane."

Mwezi Novemba kapita, yaani mkuu wa kijiji, Apollinaire, mtu aliyeogopa ugomvi kuliko bunduki, alichoka. Alitangaza kwamba Jumamosi atatembea mpaka huo mbele ya wote. Atakapoikuta miti imenyooka, hapo ndipo mpaka utakapokuwa, na hatasikiliza kesi tena. Mti wa tano ukiwa mahali pake, Emérence ana ushahidi. Ukihama, mistari miwili ya mume wake imekwenda milele.

Alhamisi mchana Edmond alikuja na wanajeshi watatu kutoka kwenye kizuizi cha barabarani. Alikuwa amewaambia kwamba wapiganaji wa Mai-Mai wamezika risasi chini ya mti wa mjane.

"Chimba," mkubwa wao, aliyevaa gambuti, alimwambia Emérence.

"Afande, hapa hakuna risasi. Kuko tu banyigu."

"Mai-Mai banatumaka banyigu sasa?" Wenzake wakacheka. "Chimba, mama, ao tutachimba kaburi yako."

"Ang'oe muti kabisa, afande," Edmond alisema. Alikuwa amesimama hatua ishirini nyuma. "Risasi iko chini ya mizizi."

Emérence alipiga magoti. Alichimba kwa kuzunguka, jembe likiingia ubavuni, bila kuligusa shina. Nyigu watatu walitoka, wakatua kwenye mkono wake wa kushoto, wakauma. Hakutikisika. Udongo ulikuwa unalegea vizuri, polepole, na pengine mambo yangeishia hapo, lakini yule wa gambuti alichoka kungoja.

"Eko anatuchezea!" Akalipiga shina kwa kitako cha bunduki.

Emérence alikuwa ameshalala kifudifudi, kitenge juu ya kichwa. Alisikia mvumo ukijaa, kisha miguu ikikimbia, matusi ya Kilingala, na makofi. Kofi, na kofi jingine, karibu. Edmond alikuwa anawapiga nyigu usoni pake mwenyewe, anaponda mmoja, wanakuja kumi. Analia kama mtoto. Emérence alijua neno la kumwambia, tena lilikuwa fupi. Hakulisema.

Wanajeshi walipofika barabarani walifyatua risasi kuelekea shambani, ovyo, kwa hasira. Kijiji kizima, kilichozoea sauti hiyo, kilibeba watoto na sufuria kikaingia porini.

Alipoinuka alikuwa ameumwa mara kumi na moja na mkono wa kushoto haukukunjika. Chini ya mti hapakuwa na kitu. Kiota kilikuwa kimeanguka, kimevunjika vipande. Mti wa tano ulilegea kama jino bovu, hauna mlinzi, na Jumamosi ilikuwa bado siku mbili.

Alisikiliza. Hapakuwa na mtu kijijini, hata mbwa.

Akachukua jembe, akaenda kwenye mti wa kwanza.

Alihesabu kahawa za Lusenge. Mistari yake ilikuwa kumi na tisa, na mpaka ulipita baada ya wa kumi na tisa. Emérence alifika hapo na mti mabegani. Alisimama kidogo, akauangalia mstari uliofuata, ambao Edmond ndiye aliyeupanda. Akauvuka. Kabla jua halijazama miti yote mitano ilikuwa imenyooka, ng'ambo ya mstari wa ishirini.

Edmond hakuona kitu. Macho yake yalifumba kwa uvimbe, na Nadège alishinda porini akimkanda kwa maji ya chumvi. Jumamosi alimleta mpakani kwa kumshika mkono.

Apollinaire aliinama kwenye mti wa kwanza. "Udongo ni mupya. Nani alichimba?"

"Basoda," Emérence alisema. "Banatafuta risasi. Uliza shemeki, ni yeye alibaleta."

Watu waliolala porini siku mbili na watoto wao, kwenye mvua, wakageuka wote pamoja.

"Ni weye?" Jéthro alimsogelea Edmond. "Weye uliita basoda hapa kwetu?"

"Mimi... donc, muti haikuwa hapa," Edmond alisema.

"Ilikuwa wapi?" kapita aliuliza.

Edmond alifungua mdomo. Mtu anayesema mti ulikuwa wapi wiki iliyopita itabidi aseme pia ulikuwa wapi kabla ya hapo, na nani aliuhamisha. Akaufunga.

"Shemeki, uko naona?" Emérence aliuliza.

Walicheka, na hakikuwa kicheko kizuri. Apollinaire akatia alama ya panga kwenye mashina yote matano, upesi, apate kwenda zake.

Ilipita wiki kabla mkono wa kushoto haujaweza kushika tawi. Emérence alianza kuchuma na mstari wa ishirini. Kahawa yake ilikuwa imeiva sana. Nadège alisimama upande wa pili wa mti wa mpaka, kikapu kitupu kiunoni, akamtazama. Emérence hakumsalimu. Alichuma taratibu, tawi kwa tawi, akikagua chini ya kila jani kabla ya kuingiza mkono.