Matusi Mbele ya Zizi

Mwaka ule ng'ombe wa jirani yetu mfugaji, aliyehamia kwetu kutoka Shinyanga, waliingia katika shamba la ulezi la binti yangu wakalimaliza. Wanawake wa kijiji wakaomba kibali cha kuandamana, wakapewa. Mimi, katekista mstaafu, niliwasalia kisha nikarudi nyumbani, maana magoti yangu hayawezi tena mwendo.

Jioni nikaletewa habari. Mbele ya zizi la mfugaji, wanaume waliofuata nyuma ya maandamano walirusha mawe. Ndama mmoja amekufa, mfugaji amepasuka mkono. Binti yangu, aliyeshika kipaza sauti, amekamatwa kwa uchochezi. Nyumbani ameacha mtoto anayenyonya.

Asubuhi nilikwenda kituoni na mke wangu, mtoto akiwa mgongoni mwake.

"Shikamoo, mzee," alisema askari wa zamu.

"Marahaba, baba."

"Kusema kweli, binti yako ana haki, na kibali nilikiona kwa macho yangu. Lakini jiwe halina kibali. Nataka kujua kama mdomo wake ndio uliolituma."

Mimi sikuwepo kule zizini. Nikaishika rozari mfukoni. Mara mfugaji akaingia, mkono umefungwa bandeji, naye kaitwa kutoa maelezo. Moyoni nikasema, tumekwisha.

"Alinitukana," alianza. "Mimi, ng'ombe wangu na ukoo wangu. Aliniita tumbo lenye fimbo!"

Askari aliinamia karatasi yake kuficha kicheko. "Alisema upigwe?"

"Hapana. Mawe yalipoanza alikuja kusimama mlangoni pa zizi, akawageuzia matusi wenzake. Aliwatukana kuliko alivyonitukana mimi, mpaka nikafarijika."

Binti yangu aliachiwa kabla ya saa sita. Waliorusha mawe walibaki, na mmoja wao ni mtoto wa mdogo wangu, mtu mzima mwenye familia. Mdogo wangu alinisihi niseme kijana wake alikuwa akiandamana tu. Nilimpelekea kijana chakula mahabusu, lakini neno hilo sikulisema. Bado linaniuma, na bado namshukuru Mungu kwamba sikulisema.

Siku ile binti yangu alipoachiwa, pale nje ya kituo nilichuchumaa kwa shida, nikampigia mfugaji makofi ya taratibu, kama sisi Wafipa tunavyomheshimu mtu. Angeweza kuongeza neno moja tu la uongo, na mjukuu wangu angelala na njaa. Hakuongeza. Kila Misa namtaja.

"Inuka, mzee, utanifanya nilie," alisema.

Binti yangu naye akamshukuru, mtoto tayari yuko kifuani. Kisha akauliza, "Na ulezi wangu?"

"Tutaongea."

"Tutaongea leo."

"Mama, hata mkono haujapona!"

"Unaongea kwa mkono?"

Wakakaa kwenye benchi la kituo, wakabishana kwa sauti iliyofika barabarani. Askari alichungulia dirishani, akawaangalia kidogo, akarudi kwenye karatasi zake.